Jibu: mtoto anaandika 5% ni 0.5, shida yake iko hapa

Mkuu umesema mwanao wa form one 25% anaigeuza 0.25 safi kabisa ila akifika 5% anakwambia 0.5, unamrekebisha leo kesho anarudia palepale. Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu huku mtaani kwetu Dar, watoto wa hivi napokea kila mwaka na si wazembe hata kidogo. Ana kanuni yake kichwani ambayo hakufundishwa na mtu, kaitunga mwenyewe: futa alama ya asilimia, weka sifuri na nukta mbele. Kwa 25, 40, 75 inatoa jibu sahihi, na mazoezi mengi ya mwanzo ni ya namba hizohizo za tarakimu mbili, kwa hiyo anakula tiki tu na hakuna anayeshtuka.

Ukitaka kuhakikisha mpe hizi nne kwa mpigo: 40%, 4%, 140% na 0.4%. Akiandika 0.40, 0.4, 0.140 umeshamkamata, ile ya mwisho ataitolea macho tu maana sifuri na nukta tayari zipo. Majibu yenyewe ni 0.4, 0.04, 1.4 na 0.004. Usimwambie kakosea, muulize: mkopo wa riba 40% na wa riba 4% unalipa sawa? Mbona umeziandika namba moja? Mwache ahangaike nalo mwenyewe.

Sasa dawa. Habari ya kusogeza nukta usimtajie kabisa kwanza, naomba sana hapo. Asilimia ni kwa kila mia, basi, 5% ni shilingi 5 kwenye kila shilingi 100, kwa hiyo aandike 5/100 kila mara hata akilalamika anachelewa. Sehemu tano za mia maana yake 5 inakaa nafasi ya pili baada ya nukta, nafasi ya kwanza ya sehemu za kumi haina kitu, ndo inajazwa sifuri: 0.05. Na 140/100 ni nzima moja na zaidi, haiwezi kuanza na sifuri. Akishazifanya nyingi ataona mwenyewe kwamba nukta inarudi kushoto hatua mbili, na hiyo hatasahau.

Kurudi upande wa pili, 0.3 wengi wanasema 3%. Aongeze sifuri kwanza iwe 0.30, anaiona 30/100.

Akikaa sawa mpe risiti. Kitu kimeuzwa 118,000 VAT ya 18% ikiwa ndani, kodi ni sh ngapi? Hata watu wazima wanapiga 0.18 mara 118,000 wanapata 21,240, na si kweli, kwa sababu ile 18% ilipigwa kwenye bei kabla ya kodi. 118,000 ni 118% ya bei hiyo, yaani 1.18, kwa hiyo unagawanya 118,000 kwa 1.18 unapata 100,000 na kodi ni 18,000. Anayeamini 118% ni 0.118 hapa hatoki.

Kama 12.5% bado inamsumbua baada ya hapo, basi tatizo ni kugawanya desimali, si asilimia. Agawanye 12.5 kwa 10 apate 1.25, halafu kwa 10 tena, 0.125. Mpe zile nne leo jioni uweke majibu yake hapa tuone.