Bilauri nane si sharti

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama ni lazima kunywa bilauri nane za maji kwa siku, maana kila ukitoka kuchuma karafuu kichwa chakugonga na mkojo kama chai ya rangi. Hiyo nane si sharti. Wataalamu wa Ulaya wamekadiria lita 2.5 kwa mwanamme na 2 kwa mwanamke, na humo mmo chai, uji, mchuzi, hata shokishoki. Ila hicho ni kipimo cha kazi ya wastani pasipo joto kali, si cha wewe uliye juu ya mkarafuu tangu asubuhi.

Mimi nilikuwa nikirudi adhuhuri nabugia jagi zima. Tumbo hujaa, kichwa kile kile. Siku hizi chupa naifunga tawini, kila nikishuka kumimina karafuu napiga mafunda manne matano. Dafu pia, nani akatae dafu? Mkojo ukipauka kama maji ya ndimu, umepata.

Maji ya kisima yachemshe kwanza. Na ukinywa vizuri siku mbili tatu mkojo ukabaki mweusi, nenda hospitali ukapimwe.