Kwa nini mtambaji hukatiza ngano akaimba?

SWALI: Nilipokuwa mtoto hapa Bagamoyo, bibi alitutambia ngano, na kila kisa kilipofika penye hatari aliacha kusimulia akaimba. Je, wimbo ule ulikuwa pambo tu?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: La, ndugu msomaji. Mtambaji anaposimulia husema "akaenda, akaona", lakini anapoimba aghalabu huchukua sauti ya mhusika mwenyewe, ili mtoto aliyepotea msituni asitajwe tu bali asikike akimwita mama yake. Tena kiitikio ni cha wasikilizaji: waliojibu "Pakawa" mwanzoni hujikuta wao ndio wanaomwitikia mtoto yule, na sidhani kuna njia bora ya kumtia msikilizaji ndani ya kisa.

Wanamuziki wetu wa asili wameufahamu ufundi huu vyema. Hapo hapo mjini kwenu aliishi na kufundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Aliimba huku akipiga ilimba, kibao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na sauti yake ilipanda juu ghafla kisha ikashuka hadi kwenye mkoromo mzito, hata ukadhani wanaimba watu wawili.

Ikiwa bado unaukumbuka wimbo wa bibi, tafadhali tuandikie maneno yake pamoja na mahali ulipoingia katika ngano, kwa kuwa ukinakiliwa peke yake hupoteza nusu ya maana.