Mwanangu, kuhusu ile meseji yako ya mchango

Mwanangu,

Meseji yako niliiona usiku nikashindwa kuijibu palepale, mana ulichouliza hakijibiki kwa mistari miwili ya simu. Unasema ofisini mmeanza kuchangia wale watu waliofukiwa na maporomoko, mmoja wenu akasema ile ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu wa kule, mwingine akamrukia kwamba kama Mungu angekuwepo watoto wasingefukiwa wakiwa usingizini, wakabishana mpaka saa ya kutoka na daftari likabaki na majina matatu tu. Afu ukaniuliza, mama we unaamini nini, na hii hela niipeleke kanisani, niitume kwingine, au niache?

Umeona lakini? Wale wawili hawapatani kwa lolote ila wote hawajatoa. Kila mmoja ana maelezo. Hapo ndo tatizo langu linapoanzia.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukuhadithia vizuri. Mafuriko yalipochukua nyumba yetu ulikuwa na miaka minne, najua unakumbuka kulala chini na watoto wengi ukaona raha. Pale palikuwa msikitini. Kanisa letu lilijaa maji, Waislamu wakafungua msikiti wakatandika mikeka tukalala humo siku kumi na moja, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Siku ya tatu akaja kiongozi mmoja wa dini, wa upande wetu huku, jina lake sitalitaja, akasimama uani na kipaza sauti akatuambia tujichunguze tumemkosea nini Mungu. Pembeni yangu alikuwa amekaa mama aliyempoteza binti wa miezi tisa, maji yalimtoa mikononi mwake. Hakulia. Alinigeukia akaniuliza polepole, "na huyu wangu alikosa nini?" Mwanangu, nimeishi miaka yote hii na sijapata jibu la kumpa, na nikilipata sitampa.

Kwahiyo ukiniuliza naamini nini, naamini Mungu yupo, na naamini pia hakuna aliyepewa ruhusa ya kumsemea mbele ya mtu anayechimba tope kwa mikono akimtafuta mtoto wake. Na hili silitoi kichwani kwangu, soma Luka 13. Yesu anauliza kuhusu watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe, hapana. Au chukua marafiki wa Ayubu, watu huwa wanawasema vibaya tangu mwanzo lakini soma mwisho wa sura ya pili, walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno mana waliona uchungu wake ni mkubwa. Hapo walikuwa marafiki kweli. Walianza kuharibu walipofungua midomo kueleza sababu, na mwishoni kabisa wa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake, sio Ayubu aliyelalamika.

Hii kitu ni ya zamani. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipiga mji wa Lisbon, Ureno, asubuhi makanisa yakiwa yamejaa, mishumaa ikiwaka, afu ikaja bahari, afu moto. Padri mmoja, Malagrida, akatoa kijitabu kwamba ni dhambi za watu ndo zimeleta. Waziri Pombal alikuwa anataka watu wajenge, wasikae kuogopa tu, na yeye alikuwa mkatili kwa mambo mengine simsifii, ila kuna jambo moja lake nalipenda, alipeleka maswali kwenye parokia nchi nzima: lilidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, wamekufa wangapi. Mapadri wakajibu, na majibu yale wataalamu wa matetemeko wanayatumia mpaka leo. Yani dini ileile, mapadri walewale, mmoja anahukumu na wengine wanahesabu waliokufa na waliobaki. Mi nataka uwe upande wa wanaohesabu.

Sasa turudi msikitini. Palikuwa na mzee mmoja pale, sikumsikia akihubiri hata mara moja, alikuwa anapita na daftari anauliza kila mtu, nini umekosa ambacho hapa hakipo? Tuliona aibu. Wa kwanza kusema ukweli alikuwa msichana aliyeomba pedi. Mwingine akataja dawa ya presha, mi nikasema miwani, mana ulikuwa na homa na nilishindwa kusoma kipimo kwenye chupa ya dawa yako. Aliandika yote. Miwani ilipatikana ya mtu mwingine, haikunifaa sana lakini nilisoma. Wakati huohuo nje malori yalikuwa yanashusha nguo, nguo, nguo, viatu vya mguu mmoja, magauni ya harusi, makoti mazito, hakuna wa kuzichambua, zikanyeshewa zikaoza na lori la maji likakosa pa kupita. Waliotoa walikuwa na nia njema kabisa, siwalaumu, ila waliamua wenyewe tunahitaji nini. Ndo mana nakwambia toa hela, usifungashe nguo mpaka mtu wa kule aseme nguo zinahitajika, hela inageuka kuwa dawa kwa mgonjwa na nauli kwa anayetafuta ndugu.

Na usitangulize kamera. Kurani kwenye Al-Baqara aya ya 264 inakataza kuharibu sadaka kwa masimango na maudhi, na sisi tumeambiwa mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia. Hata mashirika ya misaada yenyewe, Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na wengine, mwaka 1994 waliandikiana kanuni kwamba msaada usitumike kueneza msimamo wa dini wala siasa, na kwamba kwenye matangazo yao mwathirika aonyeshwe kama binadamu mwenye heshima yake. Mtu akipewa blanketi huku anarekodiwa laivu anatabasamu ili apewe na la mtoto, hayo nayaita masimango hata kama hakuna neno lililosemwa.

Kuhusu kanisani au kwingine, mi naangalia kitu kimoja, nani alikuwepo kabla na nani atakuwepo baada. Kule Kobe, Japani, lilipopiga tetemeko la tarehe 17 Januari 1995, wengi waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na majirani na watu wa nyumbani kwao, vikosi vilikuwa bado njiani. Nyumba ya ibada iliyoko palepale nayo ni jirani, ina paa, ina choo, ina watu wanaojua bibi yupi anaishi peke yake. Kwa hiyo kama kanisa lenu lina tawi kule, na kuna mtu anashika daftari na anasoma matumizi mbele ya watu, peleka huko. Kama hela inaingia kwenye mfuko wa kiongozi na haulizwi, usipeleke hata kama anaomba kwa machozi, na hiyo sio kukosa imani.

Afu usitoe yote leo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 ambayo iliua watu wapatao 230,000 kuzunguka Bahari ya Hindi, hela zilimiminika mpaka MSF, lile shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, haikufika hata wiki mbili, wakatangaza kwamba kwa kazi yao ya tsunami zimetosha, wakawaomba waliotoa ruhusa ya kuzipeleka kwenye shida nyingine. Walisema ukweli nikawaheshimu sana. Watu hutoa wakati picha ziko kwenye TV, lakini sisi shida kubwa ilitupata mwezi wa sita baada ya mafuriko, mikeka imeshakunjwa, kila mtu ametuombea vya kutosha na karo yako haijalipwa.

Na huyo mwenzenu aliyesema ni adhabu ya Mungu, mwambie maneno yana nafasi yake ila ni kabla ya janga. Bangladesh mwaka 1970, wakati ule ikiitwa Pakistan ya Mashariki, kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000, siku hizi kimbunga kikikaribia watu wa kujitolea wanapita na vipaza sauti na misikiti inatangaza watu wahamie kwenye majengo ya kujikinga, na wanaokufa wamepungua sana sana. Kipaza sauti ni kilekile alichotushikia yule kiongozi uani. Kingetufaa usiku wa kuamkia mafuriko.

Yule mama wa binti wa miezi tisa bado tunaongea. Aliniambia aliyemsaidia kuliko wote ni mwanamke mmoja wa kwaya, alikuwa anakuja kila Alhamisi, anafua nguo zake, anakaa, anaondoka, kwa karibu mwaka mzima. Hawakuwahi kuongelea Mungu mpaka siku yeye mwenyewe alipoanza.

Basi andika jina lako kwenye daftari, kiasi unachoweza, nusu toa sasa na nusu iweke mpaka ipite miezi sita. Wale wawili waache wabishane, ila wapitishie daftari kila mmoja peke yake bila kumjibu hoja yake, nina hisia watatoa. Jumapili nikitoka kanisani nitakupigia, uwe umeshapata mtu wa kule wa kumuuliza wamekosa nini.

Mama yako