Kwa nini samaki wa Rio Grande hawezi kujaa bwawani kama sambaza?

Swali: Jambo Mwalimu. Nimesoma habari za Hybognathus amarus, samaki mdogo wa mto Rio Grande kule Marekani, anayekaribia kwisha kwa sababu ya mabwawa. Hapa Bukavu sambaza, dagaa wetu wadogo, waliletwa kutoka Tanganyika, na leo wamejaa Kivu. Huyo naye kwa nini asitiwe tu kwenye ziwa la bwawa azaane? (Msomaji, Kadutu)

Jibu: Jambo ndugu. Swali lako lina msingi. Sambaza walitiwa Kivu mwaka 1959, na walipopelekwa Kariba, ziwa la bwawa hasa, walijaa vilevile. Lakini sambaza ni samaki wa ziwa tangu asili. Huyu ni wa mto, na tofauti yao iko kwenye yai.

Jike hutaga theluji ya milimani ikiyeyuka na mto kufurika, mwezi wa tano hadi wa sita. Habandiki mayai kwenye mawe wala majani. Huyamwaga katikati ya mkondo. Yai hunywa maji, huvimba, uzito wake ukakaribia ule wa maji yenyewe. Ukilitia kwenye glasi iliyotulia, litazama polepole. Koroga kwa kijiko, litapanda na kuzunguka. Mkondo wa mto ndio unaofanya kazi ya kijiko hicho.

Huanguliwa baada ya siku moja au mbili, likiwa bado safarini. Kifaranga naye huchukuliwa na maji siku kadhaa zaidi, mpaka aweze kuogelea na kujitafutia kingo zenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, pale mafuriko yalipotandaa. Safari hiyo inaweza kufika makumi ya kilomita. Zamani alikuwa na nafasi: aliishi kuanzia kaskazini mwa New Mexico hadi Ghuba ya Meksiko. Sasa katika jimbo hilo amebakiwa na kilomita kama 280, kati ya bwawa la Cochiti na lile la Elephant Butte, na hata kipande hicho kimekatwa na kuta tatu za kuchepusha maji ya mashamba. Mayai hushuka kupita kuta hizo. Samaki wakubwa hawawezi kupanda kurudi. Yanayofika Elephant Butte huzama kwenye tope, au vifaranga wake huliwa na samaki wakubwa waliopandikizwa humo.

Kinachonitia hofu zaidi ni umri wake. Ni wachache wanaopita miaka miwili, kwa hiyo masika mawili mabaya mfululizo yanaweza kufuta karibu kizazi kizima.

Tangu alipowekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1994, wamekuwa wakimzalisha vituoni na kumrudisha mtoni. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini mwezi wa saba 2022 mto ulikauka ndani ya jiji la Albuquerque, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka kama 40, na samaki wa kituoni hufa mchangani sawa na yule wa mtoni.

Samaki wetu Labeobarbus altianalis, wa ziwa Kivu na mto Ruzizi, ana shida ya upande wa pili: mkubwa ndiye hupanda mito kwenda kutaga, kwa hiyo ukuta humzuia kabla ya yai kutoka. Kwake, ngazi ya samaki, yaani njia ya maji ya vidaraja ya kupandia ukuta, ikijengwa vizuri ni msaada. Kwa yule wa Rio Grande ngazi husaidia wakubwa tu. Yai linahitaji maji yafunguliwe Cochiti mwezi wa tano yafanane na mafuriko, na kingo zichimbwe kushushwa ili maji yapate pa kutandaa.