Mkataba Ukiisha, Dai Fao Lako Wiki Hiyohiyo

Wenzangu wa kazi za mikataba huniuliza swali hili mara kwa mara: mradi umekwisha, mwingine haujapatikana, je, ni halali na ni busara mtu aliyejiajiri kwenda kudai fao la kukosa ajira? Jibu langu ni ndiyo, ikiwa umechangia na sheria ya mahali unapofanyia kazi inakutambua. Na ukiamua kwenda, nenda wiki ileile mkataba unapoisha. Usingoje akiba ikauke.

Nimeishi kwa mikataba kwa miaka mingi, na vipindi vya katikati nimevipitia vya kila namna. Vingine vilikuwa vifupi kiasi kwamba nilivishukuru kama mapumziko. Vingine virefu, hadi mtu unaanza kujiuliza kama ujuzi wako bado unahitajika. Nimewahi kudai, na nimewahi kuamua kutodai, na ninayoyasema hapa yanatoka pande zote mbili.

Kizuizi kikubwa ninachokiona kwa wenzangu hakimo kwenye sheria. Ni aibu. Utasikia mtu akisema fao ni la waliopunguzwa kazi, sisi tulijua tangu mwanzo kwamba mkataba una mwisho. Au kwamba tunalipwa vizuri kuliko waajiriwa kwa sababu tumekubali kubeba hatari wenyewe. Hoja hii ya pili ina uzito na ninaiheshimu. Bei ya mkandarasi haina likizo ya malipo, haina siku za ugonjwa, haina kiinua mgongo, kwa hiyo ni haki iwe juu, na anayetoza bei hiyo ana wajibu wa kujiwekea akiba. Lakini akiba haiondoi haki ya fao. Mchango uliokatwa kwenye malipo yako ulikatwa kwa ajili ya siku kama hii, na ukiuacha hakuna anayekuheshimu zaidi kwa kuuacha.

Tena tukirudi mwanzo wa mambo haya, watu wa miradi ndio waliofikiriwa kwanza. Sheria ya Bima ya Taifa ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoleta bima ya lazima ya kukosa ajira, haikuanza na makarani wenye ajira za kudumu. Ilianza na sekta chache, zikiwemo ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi wa mitambo, kwa sababu huko kazi zilikuja na kuondoka. Mfanyakazi alichangia, mwajiri alichangia, serikali ikaongeza, na asiye na kazi alilipwa shilingi 7 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Fundi aliyemaliza meli moja akisubiri nyingine hakuwa mdanganyifu wa mfuko huo. Mfuko ulijengwa kwa ajili yake. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 102, liliweka kukosa ajira miongoni mwa matawi tisa ya hifadhi ya jamii, sambamba na uzee, ugonjwa na uzazi. Hakuna anayeona haya kuchukua pensheni aliyoichangia. Sioni kwa nini hili liwe tofauti.

Lakini kabla hujajaza fomu yoyote, jua wewe ni nani mbele ya sheria. Sisi tunajiita wakandarasi, neno moja kwa watu wote, wakati mfuko unaangalia nani alilipa mchango na ulikuwa mchango wa aina gani. Watu wawili wanaokaa meza moja kwenye mradi mmoja wanaweza kuwa na majibu mawili tofauti kabisa.

Uingereza inaonyesha jambo hili vizuri. Posho ya wanaotafuta kazi inayotokana na michango hutaka michango ya daraja la 1 katika miaka miwili hadi mitatu iliyopita, yaani michango ya mwajiriwa. Aliyejiajiri kwa jina lake mwenyewe, ambaye michango yake ilikuwa ya daraja la 2, hapati posho hiyo kwa michango hiyo. Anayelipwa na wakala kupitia orodha ya mishahara anaweza kupata. Na yule mwenye kampuni yake ndogo, aliyejilipa mshahara unaofikia kiwango cha chini cha michango, naye anaweza kupata, ingawa gawio la faida ya kampuni alilojilipa juu ya mshahara halimsaidii chochote hapo. Hulipwa kwa siku zisizozidi 182, na unatakiwa uwe unafanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki, kwa hiyo mwenye kampuni iliyo hai ajiandae kueleza saa anazoitumikia hata kama haina mteja. Posho hiyo haiangalii akiba yako wala kipato cha mwenzi wako. Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ni jambo jingine: ukiwa na akiba ya zaidi ya pauni 16,000, mlango umefungwa.

Hata pale malipo yasipopatikana, kujiandikisha kuna faida ambayo wengi hawaijui. Uingereza hukuwekea rekodi ya michango kwa wiki unazotafuta kazi, na pensheni kamili ya serikali ya mfumo mpya huhitaji miaka 35 ya rekodi. Kwa sisi ambao maisha yetu ya kazi yamejaa mapengo, wiki hizo zikijumlishwa si haba.

Kwingine mambo ni tofauti. Ireland ilifungua mlango kwa waliojiajiri Novemba 2019, kwa michango yao ya daraja S. Ufaransa nayo ilianzisha posho ya waliojiajiri mwezi huohuo, lakini ni ya biashara iliyokufa, siyo ya pengo kati ya mradi na mradi. Ujerumani aliyejiajiri anaweza kujiunga na bima ya kukosa ajira kwa hiari, ila lazima aombe ndani ya miezi mitatu tangu aanze shughuli zake, na aliyekwisha kukatiza shughuli na kulipwa fao mara mbili hukataliwa kurudi kwenye bima hiyo. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Ukiwa chini ya sheria kama hiyo, usitumie dai kwa pengo la wiki mbili. Liweke kwa ukame wa kweli. Tanzania, fao la kukosa ajira la NSSF hukokotolewa kwa mshahara, hutaka michango ya angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mwenye mikataba mifupimifupi aangalie taarifa ya michango yake mapema, maana wapo waajiri wanaokata bila kuwasilisha.

Marekani bima hii hugharimiwa na kodi ya waajiri, kwa hiyo anayelipwa kama mkandarasi huru, yule anayepewa fomu ya kodi iitwayo 1099 mwisho wa mwaka, kwa kawaida hana fao. Msaada maalumu wa wakati wa korona uliowajumuisha ulianza 2020 na ukaisha Septemba 2021. Hata hivyo, kama mteja alikupangia saa, akakupa vifaa, akakuelekeza kila hatua na kukuzuia kufanya kazi kwingine, inawezekana ulikuwa mwajiriwa uliyebandikwa jina la mkandarasi. Peleka dai. Jimbo huchunguza, na likikuta hivyo mwajiri ndiye atakayedaiwa kodi ambayo hakuilipa.

Kwa ndugu zetu walio ugenini, swali la viza ni zito kuliko yote na halifai kujibiwa kwa tetesi. Uingereza, mwenye sharti la kutotumia fedha za umma hatakiwi kugusa Universal Credit, lakini posho inayotokana na michango haimo kwenye orodha ya fedha hizo. Marekani nako, bima ya kukosa ajira huhesabiwa kama haki iliyochumwa kazini na haimfanyi mtu aonekane mzigo kwa serikali anapoomba ukaazi. Nimewaona watu wakilala njaa kwa hofu ambayo sheria haikuwaletea, na huniuma. Soma sharti lililoandikwa kwenye viza yako, na ukiwa na shaka zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kudai.

Sasa tuje kwenye ankara, maana hapa ndipo watu wema huingia matatani. Wateja wetu huchelewa kulipa. Mkataba umeisha, umeanza kupokea fao, kisha fedha ya kazi ya miezi iliyopita inaingia benki. Iandike. Mimi niliiandika, pamoja na tarehe ya kazi, tarehe ya ankara na tarehe ya malipo, na afisa aliyenihudumia aliipokea bila maneno mengi. Kanuni zinatofautiana: Universal Credit huhesabu fedha siku inapoingia mkononi, wakati majimbo ya Marekani hutaka uripoti kipato katika wiki uliyoifanyia kazi. Kwa kuwa huwezi kukisia watahesabu vipi, kazi yako ni kutoa tarehe zote na kuwaachia wao hesabu. Kibarua cha siku moja pia kiandike, hata cha kumsaidia rafiki ukapewa ahsante. Anayetangaza kila kitu anaweza kupunguziwa wiki fulani. Anayeficha hudaiwa kurudisha fedha zote na kutozwa faini, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za ofisi hiyo.

Afisa pia atataka kujua uko tayari kufanya kazi gani. Hili liwazie kabla hujaenda. Huwezi kusema unangoja mkataba wa aina moja tu, kwa bei ileile, kwa miezi sita. Uingereza tangu 2022 unapewa hadi wiki nne tu za kutafuta kazi ya fani yako. Baada ya hapo unatarajiwa kupanua utafutaji. Nilipoulizwa kama ningekubali ajira ya kudumu nilijibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Kama kwako si kweli, usiseme ni kweli. Na kama umeamua kupumzika, kwenda kwenu kuona wazazi, au kujenga biashara mpya kwa saa zote za mchana, basi hukosi kazi kwa maana ya sheria, na kipindi hicho kiendeshe kwa akiba yako. Mara niliyoacha kudai ilikuwa kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuondoka kwa mteja, omba barua inayosema mkataba umefika mwisho wake, yenye tarehe. Bila hiyo ni rahisi kuhesabiwa umeacha kazi mwenyewe, na kuithibitisha baadaye kwa mteja asiyejibu simu ni shida tupu. Siku utakapopata mkataba mpya, ijulishe ofisi ya fao kwa maandishi tarehe ya kuanza na utunze nakala. Katika majimbo mengi ya Marekani dai lina uhai wa wiki 52, kwa hiyo mradi mfupi ukiisha ndani ya muda huo unalifungua tena lilelile badala ya kuanza upya.