Kabla hujamtania mwanao mbele ya wenzake

Juzi mama mmoja wa Sakina, Arusha, kaniandikia. Binti yake wa miaka 13 kamwomba asimsindikize tena hadi getini, amwache njia panda. "Dada, nimekosa nini?" Hujakosa kitu, mama. Ila na mimi nina kesi yangu, ngoja niisimulie kwanza.

Jumamosi nilikwenda Memorial, hapa Moshi, na kijana wangu wa kidato cha pili kumtafutia suruali na raba. Mnaolijua soko lile mnajua, chumba cha kujaribia nguo hakuna. Nikachukua suruali, nikamzungushia kiuno chake shingoni, kama anavyopimwa mtu yeyote pale. Ncha hazikukutana. Nikapaza sauti: "Kibonge wangu, shingo hii umeitoa wapi? Ugali wangu huo!" Muuzaji akacheka, nami nikanogewa, nikakata na kiuno kidogo. Kugeuka, nyuma yetu wamesimama wenzake watatu wa darasani, mmoja binti, kakumbatia begi kifuani, anajitahidi asicheke.

Kijana hakusema neno. Aliitoa suruali shingoni, akaikunja vizuri mno, akairudisha kwenye lundo. Ile kukunja ndiyo iliyonimaliza. Tangu lini anakunja nguo?

Kwenye daladala alikwenda kukaa siti ya nyuma kabisa, mimi mbele kwa dereva. Hapo ndipo mwaka 1994 uliponirudia.

Ilikuwa siku ya wazazi, niko darasa la sita huko Kibosho. Nilikuwa wa tatu kati ya watoto 52 (naomba hilo lisisahaulike). Mama yangu alikuja moja kwa moja kutoka sokoni Kiborloni, kanga imejaa utomvu wa ndizi. Jina langu lilipotajwa akapiga vigelegele, halafu kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Kikojozi wangu huyo!" Mpaka namaliza la saba hakuna aliyeniita jina langu. Nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza. Hakumbuki. Anachokumbuka ni vigelegele tu. Bado inaniuma kidogo, nisiwe mnafiki.

Tena kwetu utani una wenyewe. Mchaga na Mpare watataniana mchana kutwa na hakuna atakayenuna. Bibi atamwita mjukuu "mume wangu" na mjukuu atacheka, maana bibi hamkagui madaftari. Sisi wa mjini bibi tumemwacha kihambani, kazi zote mbili tumezibeba wenyewe: asubuhi mkali, jioni mtani. Mtoto hajui leo kaja nani.

Sasa, wazazi wenzangu, watanieni watoto wenu, nyumba isiyo na utani inakuwa kama bweni. Lakini mwili wake uacheni. Na wenzake wakiwepo, nyamaza. Mtoto wa miaka 14 anaogopa jicho la mwenzake mmoja kuliko kanisa zima. Kumbuka ulivyokuwa. Umesahau? Kaa chini ukumbuke. Wengine tunajifanya tulizaliwa na kitambi na maoni yetu tayari. Nasema tena, kumbukeni! Na wewe wa Sakina, mwache binti njia panda, ukifika nyumbani mcheke peke yako.

Mimi jioni ile nilimwomba radhi. Akaitikia "sawa" ya kuniondoa mlangoni. Nikarudi na vikombe viwili vya chai, nikamsimulia ya siku ya wazazi. Alipaliwa hadi nikampiga mgongoni.

Jumapili tukapanda Kibosho. Mama alikuwa nje ya kanisa na wenzake wa jumuiya, misa imetoka, watu wamejaa. Kijana akatangulia, mikono mfukoni, sauti juu:

"Shikamoo bibi! Nimekuletea kikojozi wako."

"Marahaba, mume wangu," mama akajibu, akinitazama juu hadi chini. "Ameacha?"