Ndugu wa Kiteto, usinunue droni kwanza

Umeuliza kama ununue droni uchore ramani ya magugu, upulizie dawa penye majani tu kwenye ekari zako 60 za mahindi. Usinunue. Kodi rubani mwenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, arushe msimu mmoja, halafu uamue. Mimi nalima ekari 40 huku Babati, huu ni msimu wangu wa tatu wa kuchora ramani kwa droni, na ule wa kwanza hela yote ilipotea.

Kilichoniponza ni muda. Tulirusha mahindi yameshafika magotini, tena siku ya upepo. Picha zikaja kijani tupu, huwezi kujua hindi ni lipi na gugu ni lipi. Mwaka uliofuata tukarusha mara mbili. Kwanza kabla ya kupanda, mvua za mwanzo zimeshaotesha majani: udongo mwekundu, na chochote cha kijani ni gugu. Mara ya pili mahindi yana majani matatu manne, mistari bado inaonekana, kwa hiyo kijani cha katikati ya mistari ndicho unachokitafuta.

Rubani alitaka aruke mita 100 amalize haraka. Nikakataa. Kwa kamera yake, kwa urefu huo nukta moja ya picha inabeba karibu sentimita 3 za ardhi, na gugu changa la ndago linapotea humo. Ukishuka mita 30 inakuwa chini ya sentimita 1. Betri zinaliwa nyingi, lakini hapo usibane.

Ramani ikaonyesha madoa pembeni mwa njia ya ng'ombe, kuzunguka kichuguu, na kwenye kona inakoingilia trekta la kukodi. Ile kona ilinishtua: gugu karoti! Sikujua limefika kwangu. Mche mmoja unamwaga maelfu ya mbegu, zinasafiri na tope la matairi. Siku hizi trekta haliingii kwangu halijaoshwa.

Sasa sikiliza hili, maana wengi wanaliruka. Ramani inakuonyesha mahali, haikwambii ni gugu gani. Niliiweka kwenye simu, nikazunguka doa kwa doa na kijana wangu, jembe mkononi. Doa kubwa kuliko yote nilidhani ni gugu la majani mapana. Kuchimba, nakuta vile vinundu vyeusi vya ndago vimeungana kwenye mizizi kama shanga. Ningepiga 2,4-D pale ningekuwa nimemwaga hela, kwa sababu dawa ile ni ya majani mapana. Tulipiga glaifoseti, dawa inayoua majani ya kila aina, kabla ya kupanda, na hata hivyo ndago ilichipua tena, ikabidi jembe lirudi.

Jingine: GPS ya droni ya kawaida hukosea mita kadhaa. Kila doa tuliliongezea mita 3 pembeni, tukachomeka vijiti vyenye vitambaa ili wenye mabomba ya mgongoni wasibahatishe. Kati ya ekari 40 tulipuliza 11.

Kwako, mvua zikianza, chukua jembe utembee shamba kona kwa kona kabla hujampigia rubani. Ukikuta magugu yamekaa kwa madoa, mwite. Ukikuta yametanda sawasawa shamba zima, ramani haitakuokolea hata lita moja ya dawa. Hela hiyo lipia palizi.